Namba 1001 ni ya nani? Hadithi ya wapangaji wasioonekana ndani ya Linux

Leo tuingie jikoni kidogo. Chukua tarakilishi uliyoisakinisha Debian jana tu. Umejitengenezea akaunti moja, ya kwako. Sasa fungua faili liitwalo /etc/passwd ulisome. Wewe ulidhani mko wawili humo, wewe na root. Kumbe nyumba imejaa! Kuna daemon, bin, sys, sync, games, man, lp, mail, news, uucp, proxy, www-data, backup, list, irc, na mwisho kabisa nobody, yaani "hakuna mtu". Ni kama kupanga chumba pale Umoja ukakuta mlangoni pamebandikwa majina ya wapangaji ishirini, na huwaoni hata mmoja.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi: hawa ni akina nani, na je, naweza kuwafuta? Zamani nilijibu kwa mkato, "Waache tu." Siku hizi najibu kwa kirefu, kwa sababu mambo haya ya akaunti na namba zake yaliwahi kumtia mtu matatani, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nashughulikia mitambo ya ofisi moja hapa Nairobi, watu kumi na wawili hivi. Seva yao ilikuwa imechoka, nikaleta nyingine na kuiwekea Debian kama ile ya kwanza. Akaunti za wafanyakazi niliziandika upya nikifuata orodha ya karani, iliyopangwa kwa alfabeti. Kisha nikaitoa diski ya zamani yenye mafaili yote ya ofisi, nikaichomeka kwenye seva mpya, nikaona inawaka, nikaenda zangu. Ilikuwa Ijumaa jioni, na nyote mnajua foleni ya Ijumaa.

Jumatatu kabla ya saa sita simu ikalia. Nusu ya ofisi haiwezi kufungua mafaili yake. Mhasibu anakatazwa kuingia kwenye folda yake mwenyewe. Na kijana wa stoo amekutwa mishahara ya watu wote iko wazi mbele yake. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi, na barua ya kumtaka ajieleze imeshachapwa.

"Fundi, mimi sijavunja kitu," akaniambia. "Nilibonyeza tu, ikafunguka."

Alikuwa anasema kweli tupu. Kwenye seva ya zamani mhasibu alikuwa mtumiaji wa kwanza kuandikishwa baada ya fundi, kwa hivyo alipewa namba 1001. Kwenye seva mpya wa kwanza kwa alfabeti alikuwa huyu kijana, jina lake likianza na A, na namba 1001 ikamwendea yeye. Linux haijui majina ya watu, ndugu msomaji. Faili likikaa kwenye diski haliandikwi jina la mwenyewe, linaandikwa namba yake. Lile /etc/passwd ni daftari la kutafsiri namba kuwa jina. Mimi nilileta diski, daftari nikaliacha. Kwa hivyo mashine ilipoulizwa folda ya mishahara ni ya nani, ilijibu kwa uaminifu kabisa: ni ya 1001, naye ndiye huyu hapa.

Nilirudisha namba za zamani kwa muda usiozidi nusu saa. Kumweleza mkurugenzi ndiko kulikochukua mchana mzima, nitarudi hapo. Usiku ule nilianza kutafuta namba hizi zimetoka wapi, na nikakuta historia tamu kuliko nilivyotarajia.

Chanzo ni Bell Labs, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie waliunda Unix. Mwongozo wa kwanza wa Unix ni wa Novemba 1971, na tayari ndani yake faili la passwd lipo: jina, neno la siri, namba ya mtumiaji, saraka ya kuanzia, na programu ya kuwashiwa akiingia. Miaka zaidi ya hamsini, na umbo la mstari ni karibu lile lile. Namba ilihifadhiwa kwenye baiti moja, maana yake haikuweza kuzidi 255. Vikundi havikuwepo. Faili lilijua watu wa aina mbili tu, mwenyewe na wasio mwenyewe. Vikundi vilikuja baadaye kidogo katika miaka hiyo hiyo ya 1970, na hata vilipokuja ulikuwa ndani ya kikundi kimoja tu kwa wakati. Ukitaka kingine unahama kwa amri ya newgrp. Kuwa ndani ya vikundi kadhaa kwa pamoja kulitoka Berkeley, katika 4.2BSD ya mwaka 1983.

Sasa twende mwaka 1979, Unix toleo la saba. Faili lake la passwd limehifadhiwa mpaka leo na ni fupi ajabu: root, daemon, sys, bin, uucp, na dmr. Huyo dmr ni Dennis Ritchie mwenyewe, namba 7! Wengine watano hadi leo wamo kwenye Debian yako. Ni mabaki ya mazoea ya maabara moja. Nyumba ya sys ilikuwa /usr/sys, mahali pa msimbo wa kerneli. Nyumba ya bin ilikuwa /bin, kwenye programu. Kwenye Debian ya leo bin na sys hawamiliki chochote. Wanabaki kwa sababu kuna uwezekano programu fulani ya kale itauliza jina hilo na kukasirika isipojibiwa.

Kuhusu uucp nina huruma naye. Wakati huo mashine zilipigiana simu, simu kabisa ya waya, zikapokezana barua na mafaili. Mashine ngeni ikipiga iliingia kama mtumiaji uucp, na badala ya kupewa uwanja wa kuandika amri ilikabidhiwa moja kwa moja programu iitwayo uucico, ambayo kazi yake ni kupokezana mizigo tu. Angalia akili hiyo: akaunti si ya mtu, ni ya kazi, na mwenye kuingia hawezi kufanya lolote nje ya kazi hiyo. Sisi huku tulikuwa na binamu yake, Fidonet, iliyobeba barua pepe za Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mtindo huo huo wa modemu na laini ya simu.

Na sync je? Huyu atawafurahisha Wakenya. Programu anayowashiwa ni /bin/sync, ambayo huandika kwenye diski kila kilichokuwa bado kinaelea kwenye kumbukumbu. Zamani mtu yeyote aliyesimama mbele ya mashine aliweza kuandika "sync" pale pa kuingilia, hata kama hana akaunti, diski ikasalimika kabla mashine haijazimwa. Red Hat wakaongeza wengine wawili wa namna hiyo, shutdown na halt. Kwa nchi ambayo stima hupotea bila kuaga, sijui kwa nini hatukumwekea huyu sync kitufe chake.

Turudi kwenye maneno ya siri, maana hapa pana mkasa. Mwanzoni kabisa yaliandikwa kwenye faili la passwd yakiwa wazi. Baadaye yakafumbwa, na kwa kuwa yamefumbwa ikaonekana hakuna ubaya kila mtu akilisoma faili. Tena ilikuwa lazima, kwa kuwa kila programu inayoonyesha mwenye faili inahitaji kutafsiri namba kuwa jina. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson waliandika makala wakionya jinsi watu wanavyochagua maneno mepesi yanayobahatika kukisiwa. Mwaka 1988, tarehe 2 Novemba, mdudu akasambaa kwenye intaneti, na moja ya mbinu zake ilikuwa kusoma maneno yaliyofumbwa na kuyakisia kwa orodha ya maneno ya kawaida. Aliyemwandika ni Robert Tappan Morris. Ndiyo, mtoto wa yule yule Morris. Maneno yaliyofumbwa yakahamishiwa faili la pembeni, /etc/shadow, linalosomwa na root na wachache sana, na kwenye Debian wachache hao wana kikundi chao chenye jina shadow, namba 42. Na kwa wanaopenda umbea: mwaka 2019 watu walifanikiwa kufumbua neno la siri la Ken Thompson kutoka faili la kale la BSD. Ilikuwa p/q2-q4!, yaani hatua ya kufungulia mchezo wa chesi.

Sasa nobody. Jina hili hufanya watu wacheke, lakini limeleta fujo kubwa. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Sun ilitoa NFS, njia ya kutumia diski ya mashine nyingine kupitia mtandao. NFS hiyo ilipeleka namba tu, majina hapana. (Mnaona? Kosa langu la 2009, ila wao walikuwa nalo kila siku.) Tatizo lao kubwa lilikuwa root. Root wa mashine yako ni namba 0, na root wa mashine yangu ni 0 pia. Nikija kwako na 0 yangu nitakuwa bwana wa nyumba yako? Sun wakasema la, 0 ikitoka nje igeuzwe kuwa mtu asiye na chochote, namba -2. Kwa namba za biti 16 zisizo na hasi, -2 husomeka 65534, na ndiyo maana nobody amekaa huko mwisho wa orodha peke yake kama aliyefukuzwa. Red Hat wao kwa miaka mingi walimpa 99, na 65534 wakaiita nfsnobody, mpaka RHEL 8 ya mwaka 2019 walipokubaliana na wengine.

Fujo ilianza mafundi walipomwona nobody wakasema: ahaa, huyu hana mali, basi programu zote nisizoziamini nimpe yeye. Seva ya wavuti ikawa nobody, na nyingine pembeni yake nobody, na ya tatu. Lakini programu tatu zikiwa na namba moja, kwa Linux huyo ni mtu mmoja. Atakayeiteka moja anaweza kuua nyingine na kugusa mafaili yake. Nobody akaishia kuwa na mali nyingi kuliko watumiaji wengi!

Walioonyesha njia nyingine ni watu wenye msimamo mkali. Daniel J. Bernstein, aliyeandika seva ya barua iitwayo qmail, miaka ya 1990, alidai uitengenezee akaunti saba na vikundi viwili kabla hata hujaisakinisha: mmoja wa kupokea, mmoja wa kupanga foleni, mmoja wa kutuma, na kadhalika, kila mmoja asiweze kugusa kazi ya mwenzake. Nakumbuka nilipoisakinisha mara ya kwanza nilidhani ni ukorofi tu. Mwaka 2002 OpenSSH nayo ikafuata kwa namna yake: sehemu inayozungumza na mgeni ambaye hajatambuliwa bado hufanya kazi kama akaunti isiyo na uwezo, ndani ya saraka tupu. Leo kila kifurushi cha Debian kinachohitaji akaunti huja na yake.

Ndiyo maana pakahitajika kugawa namba kama viwanja. Debian waliweka 0 hadi 99 ziwe za kudumu, sawa kwenye kila Debian duniani. 100 hadi 999 za huduma, zinagawiwa kadiri zinavyosakinishwa. Watu wanaanzia 1000. Red Hat waliweka watu kuanzia 500, mpaka walipohamia 1000 kwa Fedora 16 mwaka 2011 na RHEL 7 mwaka 2014. Hata wale wa kudumu hawalingani: kwa Debian daemon ni 1 na bin ni 2, kwa Red Hat ni kinyume. Linux Standard Base, mkataba wa mwaka 2001 wa kusawazisha distro, ulidai majina matatu tu yawepo lazima: root, bin na daemon. Ukijiuliza kwa nini bin asiye na kazi hafutiki, jibu mojawapo ni hilo. Dari ya namba nayo ilipanda, kerneli 2.4 ya Januari 2001 ilileta namba za biti 32, kwa hivyo sasa kuna viwanja zaidi ya bilioni nne.

Vikundi navyo vina siasa zake. Nyumba nyingine za Linux, kama SUSE, kwa muda mrefu ziliwaweka watu wote ndani ya kikundi kimoja, users, namba 100. Red Hat, katikati ya miaka ya 1990, wakaja na wazo lililoonekana la kipuuzi: kila mtu apewe kikundi chake peke yake, chenye jina lake. Kikundi cha mtu mmoja! Lakini lina hesabu yake. Ukiwa peke yako kikundini, unaweza kuruhusu kikundi kuandika kwenye kila faili unalounda bila kumfungulia jirani. Kisha folda ya mradi ikipewa kikundi cha mradi na alama ya kurithisha kikundi, kila linaloingia humo linaandikika na wenzako wote bila mtu kukumbuka amri yoyote. Debian wanafanya hivyo pia. Mimi nimekuwa upande huu tangu nilipoona ofisi nzima ikimsubiri mtu mmoja arudi kutoka likizo ili afungue ruhusa ya faili.

Halafu kuna wheel. Jina linatokana na msemo wa Kimarekani wa kumwita mkubwa "gurudumu kubwa", likapita mfumo wa TENEX hadi BSD, ambako asiyekuwa ndani ya wheel hawezi kuwa root kwa amri ya su hata akilijua neno la siri. Richard Stallman alikataa jambo hilo, na mwongozo wa su ya GNU kwa miaka mingi ulieleza sababu: MIT, mwaka 1984, watu wachache walibadilisha neno la siri la mwendeshaji na kuwaficha wengine, naye akawapindua kwa kurekebisha kerneli. Alitaka yeyote atakayenong'onezewa neno la siri aweze kulitumia. Namheshimu mzee, lakini kwenye ofisi yenye mishahara nasimama na Berkeley. Siku hizi mabishano yamehamia kwa sudo, programu iliyozaliwa mwaka 1980 huko Buffalo, New York. Fedora hutumia wheel kwa kazi hiyo. Ubuntu, ambayo wengi wetu tuliipata kwa posta ndani ya bahasha, bure, ilimfungia root kabisa na kumpa mtumiaji wa kwanza madaraka. Kikundi chake kiliitwa admin hadi toleo la 11.10, na kuanzia 12.04 ya mwaka 2012 kikaitwa sudo.

Na wale mliohangaika na modemu za USB za 3G mnakumbuka: inawaka taa, inaonekana, lakini haipigi. Dawa ilikuwa kujiingiza kwenye kikundi dialout, namba 20, kilichoundwa kwa modemu za simu za waya. Wanafunzi wanaochezea Arduino leo wanakutana na mlango huo huo.

Mambo mapya nayapita haraka. Android, kila programu kwenye simu yako ni mtumiaji wake, kuanzia namba 10000. Nayo systemd, tangu mwaka 2016, inaweza kuunda akaunti pale huduma inapowaka na kuifuta inapozima. Hata orodha ya Debian inapungua: gnats, namba 41, aliyekaa humo miaka mingi kwa ajili ya mfumo wa kuripoti kasoro, hayumo kwenye Debian 12 ya mwaka 2023.

Mchana ule wa 2009, mkurugenzi alinisikiliza kwa subira mpaka nilipomaliza habari za namba, kisha akauliza, "Kwa hivyo nani amekosa?" Nikasema mimi. Akaniambia niandike hivyo kwenye karatasi na nitie sahihi, nikaandika. Barua ya kijana ilichanwa mbele yangu. Mhasibu hakunisalimia kwa muda mrefu, na sikumlaumu, maana hata zikirudi namba, mishahara ilikuwa imeshaonekana.

Mwezi uliopita nilikuwa natengeneza tarakilishi ishirini na nne za maabara ya shule. Mwalimu alikuja na kalamu nyekundu na orodha ya /etc/passwd iliyochapwa, akitaka games afutwe kabla wanafunzi hawajamwona. Nikamweleza kwamba huyo hachezi, anashika tu faili za alama za michezo, na michezo yenyewe haipo. Nikamwacha palepale na bin na sys na uucp wake. Wanafunzi nikawatia dialout kwa ajili ya Arduino, walimu wawili sudo, na kila mtu kikundi chake. Namba zao nimeziandika mwenyewe kwa mkono, sawa kwenye mashine zote, na nakala ya daftari iko kwa mwalimu mkuu. Nimeanzia 2000.